Kazi Ina Mkataba, Utawala Pia Una Mkataba

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Tumekuja kusema nanyi juu ya neno moja tu. Mkubwa wa inchi akimaliza kipindi chake, kisha anarudi kutuomba tumchague tena, sisi tumjibu nini? Wako watu wanaofikiri kwamba hilo ni neno la wakubwa wa Kinshasa peke yao. Hapana. Ni neno la kila mtu anayekula jasho lake.

Ninyi mnajua mkataba ni nini. Babu zetu waliingia Union Minière kwa mkataba, na mwisho wa miaka ya 1920 kampani ile ilianza kuwaandika watu kwa miaka 3. Mkataba ulipokwisha, kampani ilitazama: huyu amefanya kazi vizuri, aandikwe tena, huyu mwingine arudi kwao. Hakuna mfanyakazi aliyeshika kalamu mwenyewe akaandika kwamba mkataba wake hauna mwisho. Basi raisi na wadepite nao ni watu wa mkataba. Tofauti ni moja: mwenye kuwaandika kazini ni sisi wananchi.

Kuomba tena si kosa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika fungu la 70, inasema raisi anachaguliwa kwa miaka 5, na anaweza kuchaguliwa tena mara 1 tu. Depite naye anapewa miaka 5, na kwake yeye sheria haikuhesabu mara ngapi. Aliyefanya kazi vizuri akija kuomba, tusimtukane. Tumsikilize, tuhesabu naye, kisha tuamue. Lakini ziko njia 3 za kubaki kitini pasipo kuomba kwa haki, na inchi yetu imeziona zote.

Njia ya kwanza ni kuomba peke yako. Mwaka 1970 Mobutu alisimama bila mwenzake. Mtu alipewa karatasi ya kijani, ikaitwa matumaini, na karatasi nyekundu, ikaitwa machafuko. Wakatangaza kwamba watu zaidi ya milioni 10 walisema ndiyo, na watu 157 tu walisema hapana. Ndugu, katika inchi nzima, watu 157! Mwaka 1977 na mwaka 1984 alisimama tena peke yake. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kutoa hesabu, maana hakuna mwingine wa kupewa kazi. Na mwisho wake tuliuona: mwezi wa Mei 1997 alitoka kwa sababu ya bunduki, si kwa sababu ya kura. Watu wakinyimwa njia ya kumwondoa mkubwa kwa amani, vita hupata nafasi.

Njia ya pili ni kuiacha siku ya kura ipite. Joseph Kabila alichaguliwa mwaka 2006, tena mwaka 2011. Kipindi chake cha pili kilikwisha mwezi wa Desemba 2016, na kura haikufanyika. Fungu lile lile la 70 linasema raisi anabaki mpaka mpya aliyechaguliwa aingie kazini. Tarehe 11 Mei 2016 korti ya katiba ilisema hivyo hivyo: ataendelea. Maneno yaliyowekwa ili kiti kisikae wazi yakageuka kuwa kitanda cha kulalia. Maaskofu wakawakutanisha wakubwa, wakapatana tarehe 31 Desemba 2016 kwamba kura iwe mwaka 2017. Mwaka ukapita. Kura ilikuja tarehe 30 Desemba 2018, na katikati watu waliuawa barabarani, mwezi wa Januari 2015, mwezi wa Septemba 2016 na mwezi wa Desemba 2016.

Wala si raisi peke yake. Wasenateri waliochaguliwa mwaka 2007 kwa miaka 5 walikaa mpaka mwaka 2019. Hiyo ni miaka 12. Ni nani kati yenu amekaa kazini miaka 7 juu ya mkataba uliokwisha, na mshahara unakuja kila mwezi?

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Kabila hakusimama tena mwaka 2018, na tarehe 24 Januari 2019 alimwachia Félix Tshisekedi kiti. Watu wengi waligombana juu ya hesabu ya kura ile. Lakini neno «mara 2 basi» lilisimama, kwa sababu watu walilisimamia.

Njia ya tatu ni kubadili mkataba wenyewe. Tshisekedi alichaguliwa mara ya pili mwezi wa Desemba 2023, akaapa tarehe 20 Januari 2024. Tarehe 23 Oktoba ya mwaka ule ule, kule Kisangani, alisema ataweka tume ya kutazama katiba mpya. Alisema hii tuliyo nayo iliandikwa inchi za nje, na watu wa nje. Sisi tunajibu kwa heshima: tarehe 18 na 19 Desemba 2005 wananchi wenyewe walipanga mstari, wakapiga kura, wakaikubali. Mkono ulioandika unaweza kuwa wa mtu mwingine, lakini aliyetia sahihi ni sisi.

Sheria inaweza kutengenezwa, hatukatai. Lakini fungu la 220 ni kufuli. Linasema ni mambo gani hayaguswi kabisa: kura ya watu wote, hesabu na urefu wa vipindi vya raisi, uhuru wa majaji, wingi wa vyama vya politiki na wa sendika. Ndugu wafanyakazi, sikieni vizuri hapo. Kufuli linalolinda kiti cha raisi kisiwe cha mtu mmoja, ndilo linalolinda sendika yenu isiwe moja ya serikali. Wazee wanakumbuka mwaka 1967, sendika zote zilipofungwa ndani ya moja. Mtu akikwambia tufungue kidogo tu, kwa ajili ya raisi, mwulize: mlango ukiisha kufunguka, nani atazuia mengine yasitoke?

Sasa tufanye nini? Akija mtu kuomba mara ya pili, asituletee vikwembe na pombe, atuletee hesabu. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inagawa malipo ambayo kampani inatoa juu ya madini: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa mji au komini ambamo madini yanachimbwa, na 10% kwa mfuko wa watoto wetu wa kesho. Mwulize depite na mkubwa wa mji: ile 15% iliingia lini, ni kiasi gani, ilijenga nini? Asiyeweza kujibu hajamaliza kazi ya kwanza. Ya pili tumpe kwa nini?

Tena siku ya kura usipige tu ukaenda kulala. Matokeo yanabandikwa kwenye ofisi ya kura. Yasome, yaandike, mpashe jirani yako.

Hatumchukii mtu. Mwenye kutumikia vizuri tutamshukuru, na siku yake ikifika tutamsindikiza kwa heshima mpaka mlangoni. Lakini mlango ubaki wazi, na ufunguo ubaki mikononi mwetu.