Alama Nyekundu Usoni mwa Mtoto: Ioneshwe Kliniki Mapema

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Mimi ni mtu wa habari, si tabibu. Kazi yangu ni kuufikisha kwenu ujumbe wa afya kwa lugha inayoeleweka. Leo tuzungumze juu ya mtoto anayezaliwa na uso safi, kisha baada ya wiki chache akatokewa na doa jekundu shavuni, mdomoni au juu ya kope, nalo likavimba siku hadi siku. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huweza kuonekana la zambarau. Wataalamu huuita uvimbe huo hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Si saratani, wala hauambukizi. Haukuletwa na chakula alichokula mama, wala na jicho la jirani. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa kabla ya wakati.

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake.

Ya kwanza inahusu kisu. Uvimbe huu kwa kawaida hukua kwa kasi katika miezi mitatu ya kwanza, hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka, kisha hunywea wenyewe polepole kwa miaka kadhaa. Wakati wa kukua umejaa damu. Mtoto wa kilo 5 ana damu isiyofika nusu lita mwilini mwake. Kwa hiyo anayeuchanja kwa wembe, kuufunga uzi au kuuchoma kwa dawa kali anahatarisha uhai wa mtoto, na akinusurika humwachia kovu la maisha. Hata daktari bingwa wa upasuaji huwa hana pupa: mara nyingi husubiri uvimbe unywee, kisha huondoa ngozi iliyolegea au kurekebisha mdomo na pua mtoto akiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, kabla hajaanza shule. Upasuaji wa mapema huwa kwa wachache, ambao jicho au pumzi yao imo hatarini au kidonda hakiponi, na dawa haikufaa.

Ya pili inahusu safari ya kliniki, nayo haifai kungoja. Uvimbe ukiliziba jicho la mtoto mchanga, ubongo wake haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na uoni uliopotea hivyo huenda usirudi hata uvimbe ukiisha. Uvimbe wa mdomoni huweza kuchubuka na kumzuia kunyonya. Ulioenea kidevuni na shingoni huweza kuandamana na mwingine kooni, ukambana pumzi.

Dawa ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, hunywesha uvimbe huu. Hufaa zaidi ikianzwa mapema, uvimbe ungali unakua. Lakini, ndugu zangu, kidonge cha presha cha bibi kisivunjwe akapewa mtoto! Dawa hii hushusha sukari na mapigo ya moyo. Daktari ndiye anayepima kipimo kwa uzito wa mtoto, nayo hutolewa mtoto akiwa amenyonya. Akitapika, akikataa kunyonya au akikoroma kifuani, isitolewe dozi nyingine kabla ya kumwona mtaalamu.

Tufanye nini basi? Watoto wetu huenda kuchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Hicho ndicho kipindi uvimbe unapokua kwa kasi. Mama, siku hiyo mfunue mtoto uso, mwoneshe muuguzi doa hilo, na umwambie lilianza lini. Likiwa karibu na jicho, pua, mdomo au shingo, usingoje hata siku ya chanjo. Omba rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya mkoa au ya kanda. Anayekwama kwa gharama amwone ofisa ustawi wa jamii. Uvimbe ukitoa damu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia, kisha nenda kituoni.

Kina baba, msiwaachie kina mama safari hii peke yao. Na sisi majirani, tuache kumtazama mama huyo kwa jicho la pembeni, kwa maana aibu tunayomtia ndiyo inayomfanya amfunike mtoto kwa khanga katika wiki zile zile anazopaswa kumwonesha.