Ardhi Haikubali Kukaa Uchi
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi jioni hii tuseme machache juu ya bustani zetu za nyumbani. Mtumishi wa Serikali huondoka asubuhi kwenda afisini, na jembe huachwa mikononi mwa mkewe na watoto. Wakipalilia leo, mvua ikanyesha, baada ya siku chache magugu yamerudi. Kazi hii huwamaliza nguvu, na pengine humnyima mtoto wakati wa kusoma. Basi yatupasa tuulize sababu yake.

Sababu ni hii. Udongo umejaa mbegu za magugu, na nyingi katika hizo hazioti mpaka zipate mwanga. Kila tulimapo na kuiacha ardhi wazi, twazileta juu mbegu zilizolala chini. Tena matone ya mvua huupiga udongo huo na kuuchukua bondeni. Ardhi haikubali kukaa uchi: tusipoivika nguo tuipendayo, itajivika ile tusiyoipenda.

Nguo yenyewe si ya kununua kwa fedha nyingi. Marando ya viazi vitamu, yakipandwa kila futi 1 juu ya matuta, hutambaa na kufunika ardhi, na matembele yake ni mboga. Maboga hutaka nafasi, kama futi 6 kati ya shimo na shimo. Kunde zitambaazo hupandwa kati ya mistari ya mahindi, mahindi yakiisha kupata wiki 2 au 3, zisije zikashindana nayo yangali machanga. Kunde hutia nguvu ardhini pia, maana bakteria walio katika vifundo vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani.

Wenzetu wakaao karibu na Ziwa Viktoria wakijua kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu na maelfu, nazo huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Huko Mbita, katika Kenya, wataalamu wa taasisi ya icipe na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliona katika miaka ya 1990 kwamba desmodiamu ipandwayo kati ya mistari ya mahindi hufanya zaidi ya kutia kivuli. Mizizi yake hutoa dawa iziamshayo mbegu za kiduha, na nyingine izizuiayo zisishike mizizi ya mahindi. Basi huota na kufa. Nayo desmodiamu hukatwa ikawa chakula cha ng'ombe na mbuzi.

Lakini tusidanganyane. Ndago, sangari na ukoka havishindwi kwa kivuli peke yake. Havina budi kuchimbuliwa pamoja na mizizi kabla ya kupanda. Kadhalika wiki za kwanza lazima tupalilie, kwa kuwa mimea yenyewe haijafunika bado. Wala isiachwe kufika ukutani. Tuache futi chache wazi kuzunguka nyumba, nyoka na panya wasipate maficho.

Pengine mtu ataona haya, akidhani jirani atasema kiwanja chake kimeota mwitu kwa uvivu. Tangu utoto tumezoea kuhesabu udongo mtupu kuwa ndio usafi. Kwa uwanja wa kufagia, ni kweli. Kwa bustani, si kweli.

Shauri letu ni hili: mvua zijazo, kila mwanachama agawe kishamba chake nusu kwa nusu. Nusu moja aifunike, nusu ya pili ailime kama desturi. Kisha aandike katika daftari ni saa ngapi za kupalilia zilizotumika kila upande, na nani aliyepalilia. Tukikutana baada ya mavuno, tulete madaftari hayo mezani. Na wake zetu waulizwe kwanza.