VYOMBO VYA IBADA KATIKA NYUMBA ZA MAHINDU

(Maneno ya mazungumzo)



Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa kiza. Tangu reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi ziwani, katika miaka ya 1896 hadi 1901, Waafrika na Mahindu wa Kenya wamekaa katika miji mamoja na kuuziana bidhaa. Walakini wengi hawajui jirani afanyalo alfajiri mbele ya taa yake. Hapo ndipo uvumi huzuka. Mmoja husema ni uchawi, mwingine husema watu wanaabudu shaba. Uvumi huo huharibu ujirani, na humtia mtumishi wa nyumba hofu ya bure, au humfanya amuudhi tajiri wake pasipo kukusudia. Kwa hiyo yafaa vitu hivyo vitajwe kimoja kimoja, pamoja na maana yake.

Ibada hiyo huitwa puja, na mwendo wake ni kama wa kumpokea mgeni mtukufu. Mgeni hukaribishwa, hupewa mahali pa kukaa, maji ya kunawa, manukato na chakula. Mambo hayo hayo hufanywa mbele ya Mungu. Kwanza mtu huoga na kuvua viatu, ndipo akaribie mahali pa ibada, ambapo pengine ni chumba kizima, na pengine ni rafu ndogo tu ukutani.

Kengele ndogo hulizwa ili moyo uache mawazo ya nje na kutulia. Taa huwashwa kwa utambi wa pamba uliotiwa katika samli au mafuta ya ufuta. Maana yake ni elimu: kama vile mwanga uondoavyo giza, ndivyo elimu iondoavyo ujinga. Udi hufukizwa, na liwa hupakwa. Ule unga mwekundu upakwao katika paji la uso huitwa kumkum; hutengenezwa kwa manjano na chokaa, maana manjano yakichanganywa na chokaa hugeuka rangi na kuwa mekundu. Si damu, kama wengine wadhanivyo.

Maua hutolewa, na pia majani ya tulsi, mmea wa jamii ya mrehani ambao Mahindu wengi huupanda uani na kuuheshimu sana. Tambuu na popoo huwamo pia. Mwenyeji wa Pwani atavitambua mara moja. Nazi nayo huvunjwa. Kifuu kigumu ni mfano wa kiburi cha mwanadamu, na nyama nyeupe iliyo ndani ni mfano wa moyo safi. Mwishoni kafuri huwashwa na kuzungushwa mbele ya sanamu. Kafuri huungua yote isibakize jivu. Vivyo hivyo mtu hutakiwa aiache nafsi yake iungue, asibakize majivuno.

Chakula kilichotolewa huitwa prasad, nacho hugawiwa watu wote waliopo. Anayekipika haruhusiwi kukionja kabla hakijatolewa. Wala ibada haitaki mali nyingi. Kitabu chao kiitwacho Bhagavad Gita chafundisha kwamba jani, ua, tunda au maji yatosha, mradi yametolewa kwa mapenzi. Maskini na tajiri ni sawa hapo.

Je, huabudu sanamu yenyewe? Tazama sikukuu ya Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ambayo huwa mwezi wa Agosti au Septemba. Sanamu ya udongo hufinyangwa, Mungu huombwa aje akae ndani yake, na ibada ikiisha sanamu huchukuliwa ikazamishwa majini hata iyeyuke. Sanamu huheshimiwa kwa ajili ya yule aliyealikwa, si kwa ajili ya udongo. Tena wako Mahindu wasiotumia sanamu kabisa. Arya Samaj, chama kilichoanzishwa na Swami Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875, na kuanzishwa Nairobi mwaka 1903, hukataza sanamu. Wafuasi wake humwaga samli katika moto mtakatifu huku wakisoma maneno ya Veda.

Hata dukani ibada hii yaonekana. Wakati wa Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba, wafanya biashara wa asili ya Gujarat huweka daftari mpya za hesabu mbele ya Lakshmi, kuomba baraka kwa mwaka unaoanza. Daftari iliyoombewa hivyo yamkumbusha mwenyewe kwamba haifai kuandikwa hesabu za uwongo.

Basi, mtu aingiaye katika nyumba kama hiyo, awe mgeni au mfanyakazi, na avue viatu penye ibada, wala asiguse taa, sanamu wala vyombo bila ruhusa. Akipewa prasad, aipokee kwa mkono wa kulia. Na kama dini yake haimruhusu kuila, aseme hivyo kwa upole na kushukuru. Hakuna mwungwana atakayekasirika. Kujua maana ya ibada ya jirani si kuiacha dini yako. Ni kumwondolea jirani shaka, na wewe mwenyewe kujiondolea hofu.