Nyumba za Mnada Mtandaoni: Nani Alikopa, na Ardhi Ilitoka Wapi?

Msikilizaji, ukishika simu jioni hii ukatafuta nyumba za mnada nchini Kenya, hutazikosa. Fleti Kilimani, mezoneti Syokimau, ploti Kitengela, kila moja na picha zake. Aliye Doha au Boston anazitazama sawa na aliye Thika, na bei zinavutia kwa kuwa benki inachotaka ni kurudisha pesa zake. Lakini shuka hadi chini ya tangazo. Kuna sharti linalorudiwa karibu kila mahali: mnunuzi ajihakikishie maelezo haya mwenyewe, kwa maana dalali hayadhamini, na benki haiyadhamini. Yaani wanaokuuzia, ambao faili nzima iko mikononi mwao, wanakuambia kazi ya kuchunguza ni yako.

Mimi nasema sharti hilo si la haki, na nitarudi hapo. Kwanza tulichukue lilivyo, kwa sababu wiki hii kuna watu watakaotoa dau.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imempa mkopaji muda. Akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki humwandikia notisi isiyopungua miezi 3. Ikipita, hufuata notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali naye humpa siku 45 za kukomboa mali yake. Kifungu cha 99 kinamkinga mnunuzi: hana wajibu wa kuuliza kama notisi hizo zilifika kweli. Aliyedhulumiwa ataidai benki fidia. Watu wengi wameishika nusu hii ya sheria wakailalia.

Nusu ya pili ni kwamba kinga hiyo haimfuniki mnunuzi aliyejua, au aliyekuwa na kila sababu ya kujua, kuwa benki ilitumia ulaghai. Wala haiponyi hati iliyozaliwa na kasoro. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Ploti hiyo iligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, ikauzwa kwa kampuni moja, kisha ikafika kwa Dina. Mwaka 2017 kaunti ikaingia ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda pwani. Kampuni ilikuwa na hati mkononi. Majaji wakasema hati peke yake haitoshi: ardhi ilikuwa ya umma, ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, na aliyenunua baadaye hawezi kupata haki ambayo wa kwanza hakuwa nayo. Sasa fikiria hati ya namna hiyo imewekwa rehani. Mnada unaweza kuendeshwa bila dosari hata moja, na mnunuzi akaishia kushika karatasi.

Basi anzia masjala ya ardhi, au Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Nairobi mwaka 2021, kwa mali zilizokwisha kuingizwa humo. Soma rejista yote. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ya pili mwenyewe, ya tatu mizigo iliyo juu yake: rehani, tahadhari, amri za mahakama. Kisha rudi nyuma hadi kwa mmiliki wa kwanza, ujue aliipataje.

Hapo kwenye majina ndipo mtu hushtuka, maana mkopaji na mwenye ardhi si lazima wawe mtu mmoja. Baba huweka shamba lake dhamana ya biashara ya mwanawe. Kampuni hukopa kwa nyumba ya mkurugenzi. Na kama ni makao ya ndoa, kifungu cha 79 cha Sheria hiyo ya Ardhi kinasema rehani si halali pasipo mume na mke wote wawili kutia sahihi, au ushahidi kuwa mwenzi aliridhia. Mke ambaye hakuulizwa ana haki ya kwenda mahakamani, na mimi namuunga mkono. Ukinunua bila kujua habari zake, umeinunua na kesi yake.

Kwa hiyo fika, au mtume unayemwamini. Uliza ni nani anaishi pale, ni mpangaji au ni familia. Mchukue mpima athibitishe kuwa nyumba ya kwenye picha imesimama juu ya namba iliyotangazwa. Tafuta namba hiyo na majina hayo katika hukumu zinazochapishwa bure na Kenya Law. Leseni ya dalali nayo ihakikishwe kwa bodi inayoitoa, kabla ya pesa kwenda kwenye akaunti yoyote.

Sasa narudi kwenye lile sharti. Sheria inailazimu benki kumleta mthamini kabla ya kuuza. Rehani haikusajiliwa bila benki kuiona hati. Nyaraka zipo. Siombi mshahara wa mkopaji uanikwe, wala historia ya malipo yake. Hizo ni siri zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Naomba Bunge na bodi ya leseni za madalali walazimishe kila tangazo la mnada liambatane na matokeo mapya ya upekuzi wa rejista, muhtasari wa mthamini, na tamko la benki kuhusu ridhaa ya mwenzi. Hilo litamlinda mnunuzi, na litamlinda pia mama ambaye nyumba yake inauzwa na yeye hana habari.

Mpaka hapo, wewe unayetazama picha usiku huu: nyundo ikishagongwa, masharti ya kawaida hudai asilimia 25 ya bei papo hapo, na salio ndani ya siku 90. Fanya upekuzi kabla ya siku hiyo. Na kama tangazo halina namba ya ardhi, usitoe hata shilingi.