Kinga ya resori na kinga ngumu: kumbeba mama na mtoto

Wenye watoto wachanga wakae upande wa kivuli. Leo hatutasema juu ya maziwa wala juu ya minyoo, tutasema juu ya kinga. Wengi wenu mmefika hapa asubuhi nyuma ya bwana au shemeji, na mtoto mgongoni. Basi kinga nayo ni jambo la afya.

Mama mmoja aliniuliza: "Munganga, bwana wangu anataka kuuza mbuzi wawili anunue kinga ya resori, sababu niko na mimba na njia yetu iko na mawe mengi. Ni vizuri?" Wengine pia wanawaza hivyo, kwa hiyo nitajibu mbele ya wote.

Kinga ngumu ni ile tunayoijua tangu zamani. Vyuma vyake vimeshikamana, hakuna kinachobonyea ila mpira. Kinga ya resori iko na resori ndani ya miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Gurudumu likigonga jiwe, resori inabonyea halafu inarudi. Kule California, Marekani, vijana walioanza kushuka milima na kinga za mipira minene miaka ya 1970 walitumia kinga ngumu tu. Resori za mbele zilianza kuenea baada ya 1989. Zilitengenezwa kwa mtu mmoja anayeshuka mbio, ili mikono yake isichoke na gurudumu lisiruke. Mama aliyeketi nyuma na kikapu cha mihogo hakuwa katika hesabu yao.

Sasa niambieni, resori iko wapi? Mbele. Na wewe unakaa wapi? Nyuma, juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Basi anayesikia raha ni bwana, na mgongo wako unapokea kila jiwe kama zamani! Ziko nyingine zenye resori ya nyuma pia, lakini hizo si za kubeba mtu, uzito unazilaza na kiti cha nyuma hakishiki vizuri. Tena resori ni nzito, inakula nguvu za miguu wakati wa kupanda mlima, na ile ya bei ndogo inachoka upesi. Kinga ngumu ikivunjika, fundi wa sokoni anaichomelea siku ile ile. Nilimwambia yule mama: acheni mbuzi wakae.

Kinachosaidia ni mpira mnene, usiojazwa pumzi mpaka kuwa kama jiwe. Ubonyeze kwa kidole gumba, uingie kidogo tu. Ukiwa laini sana na mko wawili, chuma cha gurudumu kinagonga mawe, mpira wa ndani unakatika na kinga inayumba. Juu ya kiti cha nyuma funga gunia lililokunjwa mara nyingi, kwa kamba, lisiteleze. Na pahali pa mawe makubwa, shuka utembee. Kushuka si haya. Mvua ikinyesha freni za mipira hazishiki vizuri, na watu wawili wanakawia kusimama kuliko mmoja. Mwambie bwana apunguze mbio kabla ya mteremko, siyo katikati yake.

Lakini jambo linalonisumbua kuliko resori ni miguu ya watoto. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaketi nyuma, miguu inaning'inia, anasinzia. Kisigino kinaingia kati ya vyuma vyembamba vya gurudumu. Mara nyingi kidonda kinaonekana kidogo, mama anaosha, anaweka majani, anangoja. Baada ya siku chache ngozi inakuwa nyeusi, sababu ilipondwa ndani, na nyuma ya kisigino nyama ni chache sana. Hapo kazi ni ndefu, na mtoto analia kila tunapofungua kitambaa. Basi mguu ukiingia, msiuvute kwa nguvu. Simamisheni kinga, rudisheni gurudumu nyuma pole pole, kateni vile vyuma kama ni lazima. Oshea maji safi mengi na sabuni. Usiweke majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala majani. Funika kwa kitambaa safi, inua mguu, njoo siku ile ile hata kama ngozi haikupasuka. Leta na karatasi ya chanjo, tuone kama alipata ile ya tetanosi. Kuzuia ni rahisi: funga gunia gumu au wavu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na weka chuma au mti wa kukanyagia.

Kikwembe nacho kinaingia gurudumuni. Kikunje juu, vaa suruali ndani, keti kama mwanaume, mguu huku na mguu huku. Wazee watasema, najua. Waache waseme. Ukikaa kwa upande, kinga ikiyumba unaanguka wa kwanza.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, shingo yake haijawa na nguvu ya kushindana na njia yetu. Aliye mgongoni, ukianguka kinyumenyume, yeye ndiye anagonga chini mbele yako. Huyo tembea naye, kinga ibebe vitu. Kofia ngumu ya kichwa ikipatikana, apewe mtoto mkubwa anayeketi nyuma, na kamba ifungwe chini ya kidevu. Ikishapasuka katika kuanguka haina kazi tena.

Na wenye mimba: ukianguka, hata kama husikii maumivu, njoo tukuangalie. Tumbo likigongwa, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati. Damu ikitoka, tumbo likikaza kama ubao, ama mtoto akiacha kucheza, usingoje asubuhi. Na miezi ikikaribia kutimia, anza safari mapema ukae karibu na hospitali, kuliko kuletwa na uchungu usiku juu ya kinga.

Sasa twende nje. Kinga ya mlinzi iko chini ya mwembe, tumeigeuza magurudumu juu. Kila mmoja aje afunge gunia mwenyewe, halafu tutaanza kupima watoto kilo.