Shimanzi Mpya Ianzie Chini

Hotuba ya mtaalamu mstaafu wa mipango miji katika kikao cha wenye maghala, wapangaji, wafanyakazi na wakazi wa kisiwa cha Mombasa.

 

Marehemu baba yangu alikuwa hamali Shimanzi. Alitoka nyumbani Majengo kabla ya jua kuchomoza, akarudi jioni nguo zikinuka vumbi la majani chai. Magunia hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nayasema haya ili mjue kwamba nikitaja maghala makuukuu, sisemi majengo peke yake.

Kwanza tukumbuke kwa nini Shimanzi ipo mahali ilipo. Ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani, mji tunaouita leo Kisumu. Bandari ya Kilindini ilipokua, mzigo ulihitaji mahali pa kupumzika kati ya meli na gari la moshi. Mahali hapo ndipo maghala yalipojengwa, na matangi ya mafuta yakafuata karibu na gati. Mwaka 1969 mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa, na hadi leo chai ya Kenya na ya majirani zetu huuzwa hapa. Chai hiyo lazima ilale mahali ikisubiri mnunuzi na meli.

Kisha mambo yakabadilika. Kontena lilikuja na ghala lake mwilini. Mwaka 1978 bomba la mafuta kwenda Nairobi lilianza kazi. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na kituo chake kiko Miritini, si kisiwani. Miaka iliyofuata makontena mengi yaliagizwa yapelekwe moja kwa moja Nairobi, na wengi wenu hapa mnakumbuka jinsi kazi zilivyokauka. Mwaka 2022 shughuli za kutoa mizigo zilirudishwa Mombasa, lakini si kila mlango uliofungwa ulifunguka tena.

Leo ukipita Shimanzi utaona ghala moja lina shughuli tele, na la jirani limepigwa kufuli. La tatu limegawanywa vipande: huku fundi wa kuchomea vyuma, huku seremala, kule vijana wanapanga mitumba. Nje malori yamejipanga barabarani kwa kukosa pa kusimama. Mvua ikinyesha, mitaro hufurika, na mama wa mahamri huhamisha jiko lake.

Sasa yanakuja mapendekezo: tubomoe, tujenge magorofa ya kuishi, maduka na ofisi. Siyapingi kwa jumla. Kutoka Shimanzi hadi Mwembe Tayari ni mwendo wa miguu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, na kisiwa hakipanuki. Ardhi iliyo karibu hivi na katikati ya mji haifai kubaki nusu imelala. Ninachouliza ni tuanzie wapi. Nasema tuanzie chini, kwa mambo matatu.

La kwanza ni udongo. Eneo lililobeba mafuta, rangi, betri na kemikali kwa miaka mingi huwa limekunywa baadhi yake. Somo hili tumelipata kwa uchungu hapa hapa Mombasa. Wakazi wa Owino Uhuru walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Hakuna pesa inayomrudishia mtoto afya yake. Kwa hiyo kabla ya ploti ya viwanda kugeuzwa ya makazi, udongo na maji ya chini yapimwe, na majibu yawekwe wazi. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayegharamia. Ndugu mnunuzi, usiponunua kwa kupima, huenda ukanunua deni la mtu mwingine. Na mapaa yenye asbestosi yasivunjwe kwa nyundo na kijana asiye na kinga. Hiyo ni taka hatari, na ina wataalamu wake wenye leseni.

La pili ni maji. Gorofa jipya juu ya mtaro wa zamani huongeza maji taka mahali palepale yaliposhindwa kupita. Pale Makupa, kwa miaka mingi njia ya udongo iliziba mkondo wa bahari. Mwaka 2022 daraja lilifunguliwa, na maji yakapata kupita tena. Tulirekebisha kosa la wazee wetu kwa gharama kubwa. Tusiwaachie wajukuu zetu kosa kama hilo. Mitaro, mabomba ya maji taka na maegesho ya malori yatangulie, ndipo nguzo zisimamishwe.

La tatu ni watu. Fundi wa kuchomea vyuma hategemei kuta nne tu. Anategemea duka la vyuma lililo hatua chache, hamali wa mkokoteni, jirani anayemwazima mashine, na mteja anayejua njia. Ukimwambia ahamie bara, umempa chumba lakini umemnyang'anya soko. Naomba kabla ya ghala lolote kubomolewa, wanaofanya kazi humo waandikwe majina: mwenye karakana, kibarua, mama wa chakula. Na jengo jipya litenge karakana chini, kwa kodi ambayo fundi anaiweza.

Mwenye ghala ataniuliza, “Mzee, nani atalipa?” Ni swali la haki. Kaunti inaweza kumruhusu aongeze gorofa juu, naye aache sehemu ya chini kwa mafundi. Kazi inaweza kwenda kwa awamu, ghala moja baada ya jingine, ili biashara isisimame. Nakiri pia kwamba si kila jengo litaokolewa. Kuna kuta zilizochoka ambazo lazima zianguke kabla hazijamwangukia mtu. Na pale ambapo matangi ya mafuta bado yanafanya kazi, nyumba za kulala watu zisisogezwe karibu, hata bei iwe tamu namna gani.

Nguvu ya kudai haya tunayo. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayetaka kujenga au kubadilisha matumizi ya ploti aombe ruhusa ya kaunti. Ruhusa inaweza kuwa na masharti. Vilevile ploti nyingi za viwanda ni za lizi, na lizi ina mwisho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtanguliza raia aliyekuwa na lizi muda unapokwisha, mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Huo ndio wakati wa kukaa mezani na kuandikiana masharti. Jengo likishasimama tumechelewa.

Nanyi wananchi, mna sehemu yenu. Ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ploti, lisome. Piga picha. Kama una pingamizi, liandike na ulipeleke ofisi ya mipango kabla muda kwisha, na udai nakala yenye muhuri. Malalamiko ya kibarazani ni haki yako, lakini hayaingii kwenye faili. Wapangaji, wekeni risiti zenu za kodi. Siku ya kuandikisha majina, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Baba yangu hakuwahi kuwa na hati wala risiti ya Shimanzi. Siku ghala lao lilipofungwa aliambiwa asante, akachukua koti lake akarudi nyumbani. Hakuna aliyekosea sheria siku hiyo. Jina lake halikuwa limeandikwa popote, basi. Safari hii tuandike majina kwanza.