NGOMA YA ASILI NI IPI?

(Mazungumzo ya mwalimu mbele ya Kamati ya Jamii na wageni, katika maandalizi ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lililotugawa tangu orodha ya vikundi vya tarehe 20 Juni ibandikwe. Tangazo lilisema "ngoma za asili tu". Vikundi viwili vikaachwa nje: vijana wenye magitaa ya galoni za mafuta, na wasichana wanaopiga ngoma za Kirundi. Wazee wanasema hiyo si asili. Vijana wanasema wazee wanawafungia mlango. Wiki nzima, kwenye foleni ya maji, hakuna habari nyingine.

Nianze na ndugu zetu Warundi, kwa ruhusa yao, maana mimi ni Mbembe wa Fizi. Kwao neno ingoma ni ngoma, na ni ufalme pia. Zilichongwa katika mti wa umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, zikalindwa na koo maalum, kama huko Gishora karibu na Gitega. Zilipigwa kwa ajili ya mwami, hasa katika sikukuu ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama. Mwaka 1966 ufalme ukafutwa. Tangu hapo ngoma zimepigwa viwanjani mbele ya marais, zimepanda ndege mpaka Ulaya, na mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika urithi wa wanadamu. Sasa nauliza: kama asili maana yake ni vilevile kama zamani, nani leo anaweza kuzipiga, na mwami hayupo? Wazee wenyewe walikwisha kuibadilisha ngoma ili isife.

Habari ya wasichana ni ngumu zaidi, wala sitaki kuipita mbio. Zamani wanaume walipiga, wanawake wakacheza. Vikundi vya wanawake vilikuja baadaye. Oktoba 2017 amri ya Rais Nkurunziza ikawakataza wanawake kupiga, ikadai pia kibali na malipo kwa maonyesho. Simdharau mzee anayeumia akiona binti ameshika imirisho. Mtu aliyeacha shamba, nyumba na makaburi ya wazazi wake, utaratibu wa ngoma ndio kitu alichoweza kuvuka nacho mpaka. Lakini wasichana hawa hawakujifunza kwenye simu. Walifundishwa hapa kambini na mzee aliyepiga tangu ujana wake, mkono kwa mkono, mpaka wakajua kuifuata inkiranya, ngoma ya katikati. Kama wavulana hawakuja kujifunza, alitakiwa afe nayo?

Kwetu Wakongomani ugomvi ni wa gitaa. Rumba ilirudi kwetu kutoka Kuba kwa santuri, miaka ya 1930, na mizizi yake ni ya mababu waliopelekwa huko utumwani. "Indépendance Cha Cha" ya Joseph Kabasele na African Jazz ilitungwa Brussels mwaka 1960. Mtunzi anajulikana, mwaka unajulikana. Desemba 2021 UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo zote mbili. Je, ni muziki wa asili? Kwa maoni yangu, si yote.

Mwaka 1954 wataalamu wa muziki wa mapokeo walikutana São Paulo, Brazil, wakabishana kama sisi. Walikubaliana kwamba muziki wa jamii ni ule unaopokewa kwa mdomo, wenye kuendelea kutoka zamani, wenye kubadilika mikononi mwa watu, na ambao jamii yenyewe huchagua ubaki au upotee. Hata wimbo wa mtunzi mmoja huweza kuingia humo, watu wakiufanya wao. Wimbo uliochukuliwa mzima na kuimbwa bila kugeuzwa haumo.

Kwa kipimo hicho, kikundi kilichokubaliwa mwaka jana, kilichovaa majani na kuimbia muziki uliotoka kwenye redio ya spika, sikioni kuwa cha asili. Mavazi yalikuwa mazuri, basi. Ila nyimbo ambazo watoto wa darasa la tatu huimba wakipanga madumu bombani, Kiswahili, Kibembe na Kirundi vimechanganyika, hakuna ajuaye nani alizitunga, na kila kijiji kina maneno yake. (Katika mmoja wao mwalimu anatajwa, na si kwa sifa.) Hizo ni za asili, na zimezaliwa hapa.

Kwa hiyo naiomba Kamati ifute maneno "ngoma za asili tu" katika tangazo. Badala yake kila kikundi kiulizwe kimejifunza kwa nani, na kimeongeza nini chake. Vijana wa magitaa nao waulizwe. Wakijibu kwamba wanaiga tu kaseti, wasubiri mwakani. Na mzee wa ngoma apewe kiti mbele, aeleze mwenyewe kwa nini aliwafundisha mabinti.

Orodha inafungwa Ijumaa saa tisa.